Kumwaga oili ya injini ya ndani ya boti pale mkono usipofika kwenye sampu

Kwenye gari, kumwaga oili ni kuingia chini, kulegeza nati ya sampu, lile karai la oili lililo chini ya injini, na kutega beseni. Kwenye boti yenye injini ya ndani mambo ni mengine. Sampu imezama katikati ya mabao mawili yanayobeba injini, nati yake inatazama mkuku, na chini yake kuna ngama, uvungu wa chombo, yenye maji ya chumvi na takataka za safari. Kati ya sampu na ubao mara nyingi hapapiti ngumi, seuze beseni. Hata ukifanikiwa kuilegeza nati ile kwa kupapasa, oili yote inaishia ngamani, na kutoka ngamani pampu ya kufulia maji, ile ya kuyatoa chomboni, inaitupa baharini.

Hapo ndipo kazi inapoahirishwa. Nahodha anasema mwezi ujao. Mwezi ujao ukifika anaongeza nusu lita mpya juu ya ile chafu, na misimu inapopita fundi anaitwa kubadilisha beringi. Kwa ninavyoona mimi, pesa ya oili hupatikana. Kinachokosekana ni njia rahisi ya kuitoa ile ya zamani. Mtu akishakuwa na njia rahisi haahirishi tena.

Njia hiyo ni kuinyonya oili kwa juu, kupitia tundu la dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Nati ya sampu unaiacha pale ilipo. Nitatumia mifano ya injini za Yanmar za familia ya GM, dizeli ndogo zinazojulikana sana kwenye vyombo vidogo: 1GM10 ya silinda moja inachukua oili lita 1.3, 2GM20 lita 2.0, na 3GM30 lita 2.6. Kama yako ni Volvo Penta, Perkins, Kubota au nyingineyo, hatua ni zilezile; vipimo utavipata kwenye kitabu chake.

Ifanyike lini

Injini ikiwa mpya au imetoka kufunguliwa, oili ya kwanza hutolewa baada ya saa 50 za kazi. Baada ya hapo, kwa GM ni kila saa 100. Injini nyingine zinaruhusu zaidi, lakini hakuna ya kuvuka mwaka mzima hata kama chombo kilitembea kidogo. Chombo kinachotembea kidogo ndicho chenye oili mbaya zaidi. Injini inayowashwa dakika kumi kutoka gatini hadi kwenye nyavu, ikazimwa, ikawashwa tena, haipati moto wa kutosha kukausha unyevu uliomo ndani. Unyevu ukikutana na salfa ya dizeli na masizi ya mwako, oili inakuwa na asidi, na asidi hiyo inakula beringi polepole huku injini imelala.

Ndiyo maana wakati bora ni kabla ya kukipandisha chombo pwani kwa ajili ya kusi, si baada ya kukishusha. Wengi hufanya kinyume: wanaacha oili chafu ikae ndani miezi yote ya upepo, kisha wanaweka mpya kaskazi inapoanza. Miezi ile ya kulala ndiyo iliyohitaji oili safi. Mwaga kabla, weka mpya, washa injini dakika chache oili safi izunguke kila mahali, ndipo uzime na kupandisha.

Kuna pia jambo la maji kupwa na kujaa. Kwenye pwani yetu, maji ya bamvua yanaweza kupanda na kushuka karibu mita 4, na mafundi wengi hungoja chombo kikae mchangani ndipo waanze kazi. Kwa kazi ya kupaka deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa wa kukinga mbao, hiyo ni sawa. Kwa oili kuna matatizo mawili. Kwanza, injini lazima ipashwe moto kabla, na injini inayopozwa kwa maji ya bahari haiwashwi mchangani: impela ya pampu ya maji ni ya mpira, na ikizunguka kavu inachakaa kwa muda mfupi sana. Pili, chombo kikilala upande, oili yote inakimbilia kona moja ya sampu, mrija hauifikii, na dipstiki inakudanganya. Kama huna budi kufanyia mchangani, washa injini ukiwa bado unaelea, kisha kiegemeze chombo kwa magogo kisimame wima maji yanapoondoka. Mimi ningefanya kazi yote ikiwa chombo kinaelea, penye utulivu, maji mafu.

Vitu vya kuandaa

Kikubwa ni pampu ya kunyonyea na mrija wake. Zipo za aina tatu zinazofaa.

Ya kwanza, na ndiyo ninayoipenda, ni mtungi wa kunyonya: chombo kilichofungwa kabisa, chenye mpini wa pampu juu na mrija mwembamba ubavuni. Unapampu mara kadhaa, hewa inatoka mtungini, na oili inajivuta yenyewe huku mikono yako ikiwa huru. Uzuri wake ni kwamba oili haipiti ndani ya pampu; inaingia mtungini moja kwa moja na kubaki humo, kwa hiyo hakuna pahala pa kuvujia.

Ya pili ni pampu ya shaba ya mkono, ile ya kusukuma na kuvuta. Ni imara na haifi, ila inahitaji mikono miwili, na upande wa pili wa mpira wake lazima ufungwe kwenye mdomo wa dumu. Ukiachia tu, mpigo wa kwanza wenye nguvu unaurusha mpira nje na oili inachora ukuta wa chumba cha injini.

Ya tatu ni ya mwenye mfuko mdogo: sindano kubwa ya mililita 100 kutoka duka la dawa za mifugo. Chomeka mrija kwenye ncha yake, vuta, mwaga kwenye dumu, vuta tena. Kwa 1GM10 ni mivuto 13, kwa 2GM20 ni 20. Inachosha lakini inafika. Kwa injini ya lita 6 au zaidi usijaribu.

Usinyonye kwa mdomo hata tone. Oili iliyotumika ina masizi na kemikali za mwako zinazohusishwa na saratani ya ngozi kwa mtu anayeigusa mara kwa mara, na ikiingia mapafuni ni hatari ya papo hapo. Vaa glavu za mpira. Petroli nayo isipitishwe kwenye pampu hizi, na kama injini yako ya ndani ni ya petroli, fungua mifuniko yote, pitisha upepo, na usitumie pampu ya umeme karibu na mvuke wake.

Mrija unataka uangalifu kuliko pampu. Nenda dukani na dipstiki yako mkononi. Mrija wa unene wa nje wa milimita 6 huingia kwenye injini nyingi ndogo, lakini pima, usikisie. Chagua mrija mgumu kiasi, wa nailoni au wa aina ya mabomba ya hewa. Ule laini unaoona ndani, wanaoutumia mafundi kupimia usawa wa kuta, ukikutana na oili ya moto unalainika, na pampu ikivuta kuta zake zinagusana na njia inaziba. Utapampu hadi jasho likutoke na hakuna kinachokuja. Lakini mrija mgumu ukiwa unapitisha mwanga ni bora zaidi, maana utaona oili ikipita.

Vingine ni matambara, dumu safi lenye kifuniko cha kukaza, faneli yenye shingo ndefu, filta mpya, oili mpya, tochi ya kichwani, na nepi za watoto tatu au nne. Nepi zitandike chini ya injini kabla hujagusa kitu. Ngama ikiwa kavu zinashika matone vizuri. Ikiwa na maji, zitanywa maji kwanza na hazitabaki na nafasi ya oili, kwa hiyo fua na kukausha ngama kabla.

Kuhusu oili yenyewe: kwa dizeli nyingi ndogo za baharini katika joto letu, 15W-40 ya dizeli ndiyo inayotumika. Geuza dumu usome daraja la API mgongoni. Herufi zinazoanza na C, kama CD, CF-4 au CI-4, ni za dizeli. Zinazoanza na S ni za petroli. Dumu lenye S peke yake liache dukani, hata kama muuzaji anaapa kuwa ni kitu kilekile.

Kabla ya kufungua chochote

Pima oili kwa dipstiki injini ikiwa baridi na chombo kimetulia. Kumbuka alama. Usipojua ilikuwamo kiasi gani, hutajua umetoa kiasi gani.

Fungua valvu ya maji ya bahari, washa injini, iendeshe dakika kumi hivi, ikiwezekana ukiwa njiani ili ibebe mzigo kidogo. Lengo ni oili iwe vuguvugu na nyepesi, na masizi yaliyokuwa yamelala chini yachanganyike nayo yatoke pamoja. Isiwe ya kuchemka. Kiasi kizuri ni pale unapoweza kuweka kiganja ubavuni mwa injini na kukiacha bila kuruka.

Zima. Gia iwe fri. Ufunguo wa injini utie mfukoni mwako, usiuache kwenye swichi, kwa kuwa yupo baharia atakayekuja kutaka kuchaji simu na kuiwasha injini isiyo na oili. Kisha zima pampu ya kufulia maji, hasa kama inajiwasha yenyewe kwa swichi ya kuelea. Hili watu hulisahau kuliko yote. Pampu ile haijui tofauti ya maji na oili.

Ngoja dakika tano hadi kumi oili ishuke kutoka juu ya injini kurudi kwenye sampu. Ukiwa unangoja, tayarisha mrija.

Kuupeleka mrija chini

Laza dipstiki kando ya mrija. Weka utepe kwenye mrija pale dipstiki inapoishia kwa juu, kisha utepe wa pili sentimita 4 au 5 zaidi, kwa sababu dipstiki haifiki chini kabisa ya sampu. Tepe hizo mbili ndizo macho yako. Mrija ukigoma kabla ya utepe wa kwanza, umekwama njiani. Ukipita utepe wa pili na bado unaingia, umepinda na unatambaa huko ndani, na mdomo wake huenda umeinuka juu ya oili.

Mrija uliokaa dukani ukiwa umekunjwa unabaki na tabia ya kujikunja. Uchovye kwenye maji ya moto dakika moja, unyooshe, ushikilie mpaka upoe. Kisha ukate ncha yake mshazari kwa wembe. Ncha iliyokatwa sawasawa ikikaa chini ya sampu inajibana kwenye bati na kuziba. Ya mshazari inaacha upenyo.

Futa tundu la dipstiki kwa tambara, chumvi na vumbi visisukumwe ndani. Ingiza mrija taratibu huku ukiuzungusha kati ya vidole. Utahisi unavyosugua ukingo wa bomba, kisha unakuwa mwepesi ghafla: umeingia kwenye nafasi ya sampu. Endelea. Ukigusa chini utasikia mguso mgumu unaorudi mkononi. Uinue kidogo sana, milimita mbili tatu, na uufunge mahali pake kwa kipande cha utepe ili usihame unapopampu.

Kwenye baadhi ya injini bomba la dipstiki lenyewe linashuka hadi karibu na chini ya sampu. Hapo huhitaji kuingiza mrija. Unavika mpira juu ya bomba, unakaza kwa klipu, unanyonya. Njia hiyo ni ya haraka zaidi, ila hakikisha kwanza kwenye kitabu.

Kunyonya

Pampu. Kwa mtungi, mipigo ishirini au thelathini ya kwanza huonekana haifanyi kitu, kisha oili nyeusi inapanda ndani ya mrija, polepole, kama inafikiria. Acha ifanye kazi yake. Lita mbili zinaweza kuchukua dakika kumi kwa mrija mwembamba. Ongeza mipigo michache mwendo ukipungua.

Baadaye mkondo unakatika: kipande cha oili, kipande cha hewa, kipande cha oili, na mrija unaanza kukoroma. Wengi huacha hapo. Usiache. Zungusha mrija nusu duara, uinue, ushushe, uhamishe kidogo, utafute dimbwi lililobaki. Halafu tazama jinsi injini ilivyolala. Injini ya ndani hufungwa kwa mwinamo kuelekea tezi (nyuma ya chombo) ili kufuata shafti ya propela, kwa hiyo oili ya mwisho inajikusanya nyuma ya sampu. Kama tundu la dipstiki liko upande wa omo (mbele), mrija wako uko mbali na hiyo oili. Mwite mtu au wawili wakakae omo. Chombo kidogo kinaitika mara moja, sampu inakaribia kuwa sawa, na utaona mrija unajaa tena. Kama tundu liko nyuma, wapeleke tezi. Huu ndio ufundi wenyewe wa kazi hii, na hauhitaji kununua chochote.

Ukimaliza, pima kilichotoka. Mimina kwenye dumu lenye alama za lita. Kwa 2GM20 iliyokuwa imejaa, ukipata lita 1.8 umefanya vizuri, hasa kama filta bado haijatolewa. Ukipata 1.4, karibu theluthi ya oili chafu imebaki ndani, na kuweka mpya juu yake ni kuharibu mpya. Hapo weka nusu lita safi ya bei nafuu ya daraja lilelile, ngoja dakika tano bila kuwasha, uinyonye tena. Itabeba sehemu kubwa ya iliyobaki.

Itazame kabla hujafunga dumu

Oili nyeusi si tatizo. Dizeli huichafua oili ndani ya saa chache, na weusi ni dalili kuwa inabeba masizi kama inavyotakiwa.

Kilicho tatizo ni oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Hayo ni maji, na kwenye injini ya boti huenda ni ya chumvi. Yanaweza kupitia sili ya pampu ya maji iliyokufa, gasketi ya silinda hedi, au kwenye ekzosi. Hii ya ekzosi huwapata wengi: injini inagoma kuwaka, mtu anang'ang'ania starta huku valvu ya maji iko wazi, pampu inaendelea kujaza maji kwenye ekzosi, na kwa kuwa hakuna moshi wa kuyasukuma nje, yanarudi hadi kwenye silinda. Injini ikigoma baada ya majaribio machache, funga valvu ya maji kwanza, ndipo uendelee kutafuta kasoro. Ikikubali tu, ifungue mara moja. Ukiikuta oili ya namna hiyo, tafuta chanzo na ukitengeneze, kisha weka oili mpya, endesha muda mfupi, nyonya, rudia mara mbili au tatu mpaka ibaki safi. Fanya siku hiyohiyo. Chumvi haingoji.

Ikinuka dizeli na kijiti kilionyesha oili imepanda bila wewe kuongeza, shuku pampu ndogo ya kuvuta dizeli. Utando wake ukipasuka unavujisha dizeli ndani ya injini. Mwishowe, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, lisambaze kwa kidole chenye glavu, ulitazame juani. Chembe zinazometameta ni metali kutoka kwenye beringi au sehemu nyingine zinazosuguana. Chache sana kwenye injini mpya ni kawaida. Nyingi kwenye injini ya zamani, mwite fundi kabla ya safari.

Filta iliyolala ubavu

Kitabu kinaweza kukuruhusu kubadilisha filta kwa nadra kuliko oili. Mimi nabadilisha zote mbili pamoja, kwa sababu filta ya zamani inabaki na oili chafu ndani yake na bei yake ni ndogo ukilinganisha na beringi.

Kwenye nafasi finyu filta nyingi zimelala ubavu, na ukilegeza tu, oili inatiririka kwenye injini na kushuka ngamani. Zamani tungeivisha mfuko wa plastiki, lakini Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017 na Tanzania 2019, na chupa inafanya kazi vizuri zaidi. Chukua chupa ya maji ya lita 1.5, kata theluthi ya juu, bakiza kikombe kirefu. Legeza filta robo mzunguko kwa spana yake, kisha ivalishe kikombe huku mdomo wake ukielekea injini na kitako chake kikiinama chini kidogo, na umalizie kuifungua kwa kushika kikombe chenyewe. Filta inaangukia ndani pamoja na oili yake. Nepi chini ya yote.

Ikigoma na spana haina nafasi ya kuzunguka, izungushie karatasi ya msasa, upande wa mchanga ukigusa filta, na uishike kwa mkanda wa ngozi au mpira wa ndani wa baiskeli. Mshiko unakuwa mara mbili. Kuipigilia bisibisi ipenye na kuitumia kama mpini ni njia ya mwisho kabisa. Bati likichanika utabaki na filta isiyoshikika inayovuja.

Kabla ya kufunga mpya, tazama kwa tochi pale filta inapokaa. Raba ya filta ya zamani wakati mwingine hubaki imeganda kwenye injini. Ukifunga mpya juu yake, raba mbili hazikai pamoja: injini ikipata kasi, presha inaisukuma moja nje na oili yote inamwagika kwa muda mfupi. Gusa kwa kidole uhakikishe ni chuma kitupu. Paka oili safi kwenye raba mpya, zungusha kwa mkono hadi iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Kwa mkono, si kwa spana.

Kujaza

Usimimine lita zote za kitabuni, kwa kuwa hukutoa zote. Kwa 2GM20 anza na lita 1.5, ngoja dakika chache, pima, kisha ongeza kidogokidogo. Oili ikizidi, kranki inaipigapiga mpaka inatoa povu, na povu halilainishi beringi. Nyingine inasukumwa kwenye njia ya kupumulia na kuungua kwa moshi wa buluu. Ikizidi, unayo pampu mkononi: nyonya iliyozidi.

Hakikisha valvu ya maji ya bahari iko wazi. Washa. Taa au king'ora cha oili kizime ndani ya sekunde chache wakati filta inajaa; kisipozima, zima injini bila kubishana nacho. Wakati inanguruma polepole, elekeza tochi kwenye shina la filta na uliguse kwa kidole ukiwa mbali na mikanda. Pakiwa pakavu, iache dakika tano, zima, ngoja kumi, pima tena chombo kikiwa kimesimama sawa, jaza hadi karibu na alama ya juu. Andika tarehe na saa za injini kwenye filta kwa kalamu ya wino usiofutika. Kisha rudisha swichi ya pampu ya ngama, baada ya kutoa nepi zote na kufuta.

Mpira wa kudumu

Kwa chombo cha kazi, kile kinachobeba abiria au kinachovua kila siku na kumaliza saa 100 ndani ya wiki chache, ningeshauri hatua moja zaidi. Siku injini itakapotolewa au kuinuliwa kwa sababu nyingine, ondoa nati ya sampu na uweke mahali pake kiungo cha chuma chenye mpira unaopanda juu hadi mahali mkono unapofika. Mwisho wa mpira unawekewa kizibo cha kukaza kwa spana. Siku ya kumwaga unafungua kizibo, unaunganisha pampu, unanyonya kutoka sehemu ya chini kabisa ya sampu. Hakibaki kitu.

Lakini mpira huo ukipasuka baharini, injini inapoteza oili yake yote. Kwa hiyo uwe mpira wa kuhimili oili ya moto, wenye nyuzi za chuma ndani, si mpira wa maji. Viungo viwe vya kukaza kwa uzi, usitegemee klipu. Upite mbali na ekzosi, mbali na pulei, na usisugue taruma (mbavu za chombo) wala ubao. Ukague kila unapofungua kifuniko cha injini. Kama huwezi kupata mpira wa namna hiyo, baki na tundu la dipstiki.

Na kama kwenye chombo chako zipo sentimita nane au zaidi chini ya sampu, unaweza kukata dumu la lita 5 kwa ubavu, likawa hori fupi, ukalitelezesha kwa kamba hadi chini ya nati. Linafaa kwa injini ndogo tu, tena chombo kikiwa kimetulia kabisa. Kulitoa likiwa limejaa, kwa kamba, kati ya mataruma, ndiko kunakowashinda watu.

Oili chafu iende wapi

Isiende baharini wala kwenye mchanga wa fukwe, ambako maji yakijaa yataichukua. Mikoko inapumua kwa mizizi iliyotoka nje ya tope, na oili ikiipaka mizizi hiyo inaziba. Pweza, kaa na vifaranga vya samaki tunaowavua kesho wamo humohumo. Wapo wanaopaka oili hii kwenye mbao za mashua wakidhani inahifadhi. Mbao za mashua zina sifa (mafuta ya papa) na zina deheni, na oili ya injini iliyopakwa nje inarudi majini kidogo kidogo kila safari.

Sheria za mazingira za Kenya na Tanzania zinaihesabu oili iliyotumika kuwa taka hatari, na wapo wakusanyaji wenye leseni, pamoja na gereji kubwa na vituo vya mafuta vinavyoipokea ili ikasafishwe au ikachomwe kwenye tanuu za viwandani. Ihifadhi kwenye dumu la oili lenyewe, si chupa ya maji ya kunywa ambayo mtoto anaweza kuichukua. Usiichanganye na petroli, rangi, tina wala maji ya ngama, kwa kuwa mkusanyaji ataikataa. Filta ya zamani isimamishe mdomo ukiwa chini juu ya dumu usiku kucha ijitoe yote, na nepi zilizonyonya zipelekwe pamoja nayo.